Flagyl ni dawa nzuri, ila sio ya kila tumbo

Hii dawa naipa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja iliyopungua sio kosa la dawa, ni jinsi inavyouzwa mtaani. Naongelea metronidazoli, ambayo wengi tumezoea kuiita Flagyl hata kama kopo limeandikwa kampuni nyingine. Ipo tangu miaka ya 60 huko na bado inafanya kazi. Kama una amiba au giadia kweli (vijidudu vya tumboni), au trikomonasi (vijidudu vya ugonjwa wa zinaa), au wale bakteria wanaoishi pasipo na hewa (jipu la jino, harufu mbaya ukeni), inasaidia sana na bei yake kila mtu anaiweza.

Shida ni kwamba tumbo likinyonga kidogo tu mtu anakimbilia duka la dawa, anapewa vidonge kwenye kabahasha, haulizwi unatumia dawa gani nyingine, una mimba, unakunywa pombe, hakuna! Kuna duka moja huku kwetu nimeona mteja anauziwa nusu dozi eti hela haitoshi, iliniuma kwa kweli. Kuharisha kwingi hasa kwa watoto kunaletwa na virusi na Flagyl haiui kirusi hata mmoja, hapo mtoto anahitaji ORS (ile ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na zinki. Kapime choo kwanza jamani, maabara hata za zahanati wanapima. Na ikionekana ni amiba muulize daktari kuhusu dawa ya pili, mfano dailoksanaidi, maana metronidazoli inawamaliza walioingia kwenye nyama ya utumbo ila wale wanaobaki ndani ya utumbo inaweza kuwaacha, ndo maana wengine wanapona halafu baadae inarudi.

Kwenye kuitumia: vidonge meza na chakula au baada ya kula, kichefuchefu kinapungua, maliza dozi yote uliyoandikiwa hata kama umeshapata nafuu. Mdomo utakuwa na ladha ya chuma kama umelamba sarafu na mkojo unaweza kuwa wa kahawia, usiogope, vinaisha ukimaliza. Pombe weka pembeni kabisa, iwe bia iwe ya kienyeji, mpaka siku 2 au 3 baada ya kidonge cha mwisho, kuna watu wanatapika, moyo unaenda mbio, kichwa kinapasuka. Angalia na dawa za kikohozi za maji, nyingine zina pombe ndani. Mtu anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) lazima aseme kabla hajapewa, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi, na mwenye ini bovu au mjamzito hasa miezi ya mwanzo asijinunulie mwenyewe, aende hospitali. Kama ni trikomonasi mwenzako naye atibiwe, msipofanya hivyo mtaambukizana tena.

Ya maji ya watoto tikisa chupa vizuri, pima kwa sirinji sio kijiko cha chai, na dozi inatokana na uzito wa mtoto kwa hiyo usikopi ya mtoto wa jirani. Na yeyote akianza kusikia ganzi au kuchomachoma kwenye vidole vya miguu na mikono, au degedege, aache na awahi hospitali siku hiyohiyo.