Elcometer 236 kwenye kazi ya bomba: volti, waya wa ethi na roho yako

Habari zenu mafundi, wakaguzi, na wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya mabomba. Karibuni. Leo mezani nina mashine ya holidei, ile inayotumia volti kubwa kusaka matundu kwenye mpako wa bomba. Hii niliyonayo ni Elcometer 236, inatengenezwa na kampuni ya Elcometer ya Manchester, Uingereza. Hakuna aliyenilipa niisifu.

Nimeona niizungumzie sasa kwa sababu maswali yanayonifikia mengi yanatoka kwa vijana wa bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 linalotoka Kabaale kule Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Mafuta yale yana nta nyingi, lazima yasafiri yakiwa ya moto, kwa hiyo bomba linavalishwa povu la kuhifadhi joto katika kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega. Sasa fikiria: juu ya chuma kuna mpako wa kuzuia kutu, juu ya mpako kuna povu, juu ya povu kuna ganda la plastiki. Tundu dogo la ncha ya sindano ukilipita leo, kesho limeshafunikwa, hutaliona tena. Na chuma chenye joto kikipata unyevu hapo penye tundu, kutu inakula haraka. Ndiyo maana kifaa hiki nakiheshimu.

Tukifungua boksi. Matoleo yako mawili: moja linaishia kilovolti 15, lingine kilovolti 30. Mwili unabeba begani kwa mkanda, kishikio kinaunganishwa kwa kebo, volti unarekebisha kwenye boksi na unaisoma kwenye kioo. Ili umeme utoke, kuwasha boksi peke yake hakutoshi, lazima pia ubonyeze kwenye kishikio. Hilo nimelipenda sana. Ukiangusha kishikio, umeme unakatika. Mtu akikuonyesha mashine ya aina yoyote iliyofungwa swichi yake kwa mpira au gundi ya karatasi ili "asichoke kidole", ikatae hapohapo, na umwambie msimamizi.

Inavyofanya kazi: upande mmoja una chuma, upande mwingine una springi au brashi ya waya inayopita juu ya mpako. Mpako mzima hauruhusu umeme kupita. Penye tundu pana hewa tu, na hewa inashindwa kwenye takriban kilovolti 3 kwa kila milimita, kwa hiyo cheche inaruka, umeme unarudi kwenye boksi kwa njia ya waya wa ethi (ule unaotoka kwenye boksi na kubanwa kwenye chuma cha bomba), na mashine inalia. Nimesema unarudi kwa waya wa ethi. Shikilia hapo, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Waya wa ethi usipogusa chuma vizuri, mashine hailii. Unatembea bomba zima, kimya, unaandika kwenye fomu kwamba limefaulu, kumbe hujapima kitu. Klipu ibane kwenye chuma kitupu, pale mwishoni ambapo mpako umekatwa kwa ajili ya kulehemu, na kama pana kutu piga msasa kwanza. Wengine wanapenda kuburuta waya ardhini badala ya kuubana kwenye bomba. Njia hiyo inategemea ardhi yenyewe ipitishe umeme na bomba lenyewe liwe limegusa ardhi hiyo. Kwenye udongo wenye unyevu inaweza kufaa. Lakini Singida au Dodoma, kiangazi, udongo umekauka mpaka unapasuka, na bomba limekaa juu ya magogo? Hapana jamani. Bana klipu kwenye chuma.

Na kabla hujaanza, hakikisha inalia kweli. Chukua kipande cha bomba la aina ileile chenye tundu ulilotoboa makusudi, pitisha springi, usikie. Fanya asubuhi, fanya tena mchana, na kila unapobadilisha betri au kebo. Volti ithibitishe kwa kipimo cha volti kubwa, springi ikiwa juu ya mpako wenyewe, maana namba ya kwenye kioo wakati springi inaning'inia hewani inaweza isiwe ile inayofika kwenye mpako.

Haya, volti ngapi? Hapa nina ugomvi na tabia niliyoiona mahali pengi: mtu anaongeza volti "ili awe na uhakika". Volti ikizidi, unaweza kutoboa sehemu nyembamba ambayo haikuwa na tundu. Umekuja kutafuta kasoro, unaondoka umeitengeneza. Ikipungua nayo, cheche haifiki chini ya tundu.

Chukua mpako mwembamba wa epoksi ya unga, tuseme mikroni 400 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Kiwango cha NACE SP0490, cha chama cha wataalamu wa kutu, kinakupa hesabu nyepesi: 104 mara kipeuo cha pili cha unene kwa mikroni. Kipeuo cha pili cha 400 ni 20, mara 104, unapata volti 2,080. Basi, kilovolti 2 na kidogo. Hapo mashine ya kilovolti 30 unaitumia chini kabisa ya uwezo wake.

Njoo kwenye polietilini ya tabaka tatu, ule mpako mnene wa plastiki, yenye milimita 3. Ukifuata NACE SP0274 unapata kama kilovolti 13.6. Ukifuata ISO 21809-1, ambayo ni ya mpako wa kiwandani, inakwenda kilovolti 10 kwa kila milimita na kikomo cha 25, kwa hiyo bomba lilelile linapigwa 25. Tofauti ni karibu mara mbili! Msibishane kwenye mtaro nani yuko sahihi. Fungueni karatasi ya masharti ya mradi wenu, mwone kiwango gani kimetajwa, na hapo mwishe. Na unene upime kwa kipima unene siku hiyohiyo, usichukue namba ya kwenye brosha ya rangi.

Kuhusu springi, nunua inayolingana na kipenyo cha nje cha bomba, mpako ukiwemo. Ikilegea, inaning'inia kwenye tumbo la bomba, inaacha nafasi ya hewa, na tumbo ndiko kunakokwaruzwa na mawe na magogo. Kwenye kiungo cha kulehemu, hasa ukingo wa ule mkono wa plastiki unaobana kwa moto, springi inaruka. Rudia hapo kwa brashi ya waya, taratibu. Mwendo wenyewe mimi sizidishi sentimita 30 kwa sekunde. Ukiona mtu anasukuma springi huku anakimbia, hapimi.

Sasa usalama, na hapa naomba mnisikilize wote, hata mnaoshika jembe pembeni.

Hatari kubwa kuliko zote ni mlipuko. Kifaa hiki kazi yake ni kutoa cheche. Penye gesi, penye mvuke wa petroli, penye thina au praima ambayo haijakauka, cheche hiyo inawasha moto. Kwa hiyo kabla ya kuwasha: kibali cha kazi za moto kimesainiwa, kipima gesi kimepita eneo lote pamoja na chini ya mtaro, makopo ya rangi yako mbali. Mpako uwe umekauka na kukomaa. Ukiunganisha tawi kwenye bomba ambalo tayari lina gesi, hiki kifaa hakitoki kwenye boksi mpaka mwenye dhamana ya usalama aseme kwa maandishi.

Ya pili ni kupigwa na umeme. Mkondo wa mashine hizi umebanwa uwe mdogo sana, na kwa mtu mwenye afya kwa kawaida hauui. Lakini mtu anashtuka, anaruka nyuma, na nyuma yake kuna mtaro, au yuko juu ya jukwaa. Anguko ndilo linalomuumiza. Simama pa kavu, miguu imara, vaa glavu za mpira na buti za mpira, na muwe wawili: mmoja anapima, mmoja analinda. Weka utepe, zuia wapita njia, wachunga mifugo na watoto. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asishike mashine wala asikaribie, na muulizane kabla ya zamu bila aibu.

Ya tatu wengi hawaijui. Bomba lililokaa juu ya magogo makavu au mifuko ya mchanga linaweza kubakia na chaji, na uso wa mpako pia. Unazima mashine, mwenzako anakuja kushika ncha ya bomba, anapigwa. Dawa yake: bomba lenyewe liunganishwe na ardhi kwa fimbo ya ethi wakati wote wa kupima. Waya wa ethi unaunganishwa wa kwanza, unaondolewa wa mwisho. Ukimaliza, zima, subiri kidogo, gusisha springi kwenye chuma kitupu itoe chaji iliyobaki, ndipo ufungue klipu.

Udhaifu wa mashine yenyewe? Inatoa umeme wa DC, yaani wa kwenda upande mmoja, mfululizo bila kukatika, na umeme wa aina hiyo hausumbuliwi na kitu kama unavyosumbuliwa na unyevu. Asubuhi ya umande pale Tanga, na chumvi ya bahari juu ya bomba, utasikia inalia kila mahali. Una kitufe cha kupunguza wepesi wa kengele, lakini ukipunguza mno unaficha na matundu ya kweli. Mimi nafuta bomba kwa kitambaa safi kisha nasubiri jua. Kama kazi yako yote iko pwani, au ni bomba refu nje kwenye vumbi na unyevu, tazama aina ya mapigo, inayotoa umeme kwa vipindi, makumi ya mapigo kila sekunde. Hiyo inavumilia zaidi uso usio msafi. Na begani, baada ya saa nyingi juani, mkanda huu unauhisi.

Ushauri wangu wa kununua ni huu. Unapima epoksi nyembamba tu? Kilovolti 15 inakutosha, usilipie 30. Unapima polietilini na mikono ya viungo, na mradi unadai 25? Chukua 30. Pesa inayobaki weka kwenye waya mrefu wa ethi, springi za vipenyo vyako na brashi. Ya mtumba nunua tu kama ina cheti cha upimaji ambacho hakijaisha muda, na kebo ya kishikio haina mpasuko hata mmoja. Pale penye mpasuko ndipo mkono wako unaposhika.

Tundu likipatikana, lizungushie alama pembeni kwa kalamu, usichafue penyewe. Rekebisha, acha likomae, pima tena hapohapo kwa volti ya unene mpya. Sehemu iliyokwisha kufaulu usiipige tena na tena. Nikirudi nitaonyesha kurekebisha epoksi kwa dawa ya sehemu mbili, kwa hiyo niandikieni hapo chini mpako wenu ni wa aina gani na bomba ni inchi ngapi.