Nilikopa elfu sabini, nikadaiwa hadi kwa baba mkwe

Mimi ni fundi friji. Programu hii ya mikopo ya simu niliipakua usiku, friji ya mteja iko wazi sebuleni na hela ya kompresa haitoshi. Maelezo yao yanasema marejesho ni ndani ya siku 91. Niliomba sh. 100,000, zikaingia 70,000. Zile 30,000 wakaziita gharama za huduma. Kurudisha ni 100,000 kamili, tena siku ya saba. Kompresa sikununua, maana hela bado haikufika bei yake.

Kwa uharaka siwanyimi haki yao, dakika tano hela ilikuwa kwenye simu.

Siku ya sita asubuhi, deni halijafika tarehe, simu zikaanza. Kila mara namba nyingine. Nikamweleza dada mmoja kwamba mteja akichukua friji yake atanilipa, nami nitalipa. "Si uiuze hiyo friji," akanijibu. Friji ya watu!

Siku ya nane wakaingia kwenye majina. Wakati wa kujisajili nilibonyeza "Ruhusu" mara nne bila kusoma, kumbe mojawapo iliwapa namba zote za simuni mwangu. Muuza vipuri wa Kariakoo, mwalimu wa binti yangu, hata dalali aliyenitafutia chumba mwaka juzi, wote wakatumiwa picha yangu yenye neno TAPELI na kuambiwa wao ni wadhamini wangu. Baba mkwe akapiga kutoka Muheza. Nikamwamkia, akaitikia taratibu, kisha akauliza: "Baba Zuhura, mimi nimekudhamini lini?"

Mtaani mikopo hii tunaiita kausha damu. Damu yangu ipo. Uso wa kumtazama mzee yule ndio sina.

Kilichonisaidia ni meseji niliyoiandika mwenyewe usiku ule na kuituma kwa kila jina: deni ni langu, hukunidhamini, ukipigiwa usilipe wala usibishane nao. Kesho yake vitisho vikawa havina pa kushika. Muuza vipuri alicheka, akapokea ile 70,000, akanipa kompresa, iliyobaki mali kauli. Jamaa tunafahamiana miaka sita na sikuwahi kumwomba.

Siku ya 11 nililipa 120,000, na faini ya 5,000 kwa siku ikiwemo. Nililipa kwenye namba ile ile iliyo ndani ya programu, si zile za binafsi walizokuwa wakinitumia, na meseji ya muamala ninayo mpaka leo. Ukiifuta programu, majina waliyokwisha kuyachukua hayarudi, kwa hiyo kabla ya kufuta piga picha za skrini. Zangu, pamoja na namba zote zilizonipigia, nimezipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya taarifa binafsi inatumika tangu Mei 2023, na baba mkwe wangu hakumruhusu mtu kuchukua namba yake. Nasubiri majibu.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Nimeisoma juzi, baada ya kulipa. Hii imo.

Dakika chache baada ya malipo kuingia walinitumia ujumbe: "Mteja wetu mpendwa, hongera! Sasa unaweza kukopa hadi 150,000."