Pawa saplai ya volti 24 yenye kapasita ya volti 25

Sitaeleza ina wati ngapi wala matundu mangapi, hayo yameandikwa ubavuni. Nazungumzia kapasita moja, kile kikopo kidogo kinachohifadhi umeme na kuutuliza.

Niliinunua kwa ajili ya amplifaya yangu. Imenitumikia miezi michache, sidhani kama mwaka ulifika. Ikaanza kuunguruma, kisha siku moja ikazima katikati ya wimbo. Nikaifungua. Kapasita kubwa ya upande wa kutolea umeme imevimba kichwa, majimaji yameganda miguuni. Imeandikwa volti 25, ndicho kikomo chake. Nikaweka mita kwenye njia yake: 24.6! Yaani wamebakiza nukta nne tu. Tena kikomo chake cha joto ni nyuzi 85, nao wameibana ubavuni mwa bati la kupoozea, bati linalounguza kidole.

Nikapiga simu. Kijana wa huduma kwa wateja, bila hata pole: "Kaka, 24 si iko chini ya 25? Tatizo liko kwako, unaiwasha muda mrefu mno." Muda mrefu mno! Sasa pawa saplai ni pambo la kabatini?

Kikomo kinaandikwa ili ukae mbali nacho. Fundi anayeijali kazi yake angeweka hapo ya volti 35, hata 50, na kila rezista, kile kipande kinachobana mkondo wa umeme, angeitwika nusu tu ya wati zake. Joto ndilo baya zaidi. Mafundi huhesabu kwamba ukipunguza nyuzi 10, kapasita ya aina hii huishi karibu mara mbili. Iliyopimiwa kuishi saa 2,000, ukiiacha kwenye kikomo chake usiku na mchana, siku 83 tu zimeisha.

Nikalehemu ya volti 35, nyuzi 105, nikaiinua mbali na bati. Mngurumo ukakata, sauti safi. Na haki lazima niitoe: transfoma imesukwa vizuri, lehemu zake zinang'aa. Nikasema basi, nyota nne.

Halafu juzi nikaigeuza bodi. Chini ya rezista moja ndogo pameungua, pamekuwa kahawia. Ni ya robo wati, omu 2,400, imekaa kwenye njia ileile ya 24.6. Pigeni hesabu wenyewe, volti mara volti, gawanya kwa omu: robo wati kamili na chenji juu! Hapa hata ile nukta nne hawakubakiza.

Nyota moja, nayo ni ya aliyesuka transfoma. Rezista ya wati moja ninayo mezani, naibadilisha leo usiku.