LeadCare II kwa manesi wa viwandani: kuchuja inaweza, kuamua usiiachie

Wenzangu wa afya kazini mnaniuliza sana inboksi kuhusu hii mashine ndogo ya kupima madini ya risasi kwenye damu, hasa nyie mnaohudumia karakana za betri za magari na wale wanaoyeyusha betri chakavu, basi leo namwaga yote.

Sifa anazo. Ni ndogo, inatumia umeme au betri ndogo, unachoma kidole, unahitaji mikrolita 50 tu za damu na baada ya dakika 3 jibu hilo hapo. Hizo dakika 3 ndo zimenifanya niipende kiukweli. Sampuli ikienda maabara ya mbali jibu linarudi mtu kashasahau kama alitolewa damu, ila hapa fundi bado kakaa kwenye kiti, unamwonyesha namba, unamuuliza "kaka, chakula unakulia wapi? ovaroli anafua nani?" na hapohapo unagundua ovaroli inaenda nyumbani, inafuliwa beseni moja na nguo za watoto. Karatasi ya majibu haikupi maongezi hayo.

Sasa tuje kwenye kidole, hapa ndo pagumu. Mtu anayekata betri vidole vyake vimejaa risasi hata kama unaviona safi, na sabuni ya kawaida haiitoi yote, kwa hiyo ukichoma kidole hichohicho unapima damu pamoja na uchafu wa ngozi, namba inaruka juu, mtu anapata presha bure na bosi anakuja juu. Mimi siwapimi kamwe wakiwa wanatoka kwenye zamu. Waje asubuhi kabla hawajagusa kitu, waoshe mikono kwa maji yanayotiririka na wasikaushie kwenye nguo za kazi (utashangaa wangapi wanajifutia kwenye suruali njiani kutoka bombani), halafu spiriti, iache ikauke, choma, tone la kwanza futa, la pili ndo unavuta kwenye kale kamrija mpaka kwenye mstari bila mapovu. Futa nje ya mrija pia. Ukichanganya na ile dawa yake damu inageuka rangi ya kahawia, isipogeuka usiendelee.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakwambii ni mwisho wa kipimo. Inasoma kuanzia 3.3 mpaka 65 mikrogramu kwa desilita, ikizidi hapo inaandika High (yaani juu) bila namba, basi. Kwa kliniki ya watoto haina neno. Kwetu sisi ni balaa, maana 65 ndo palepale penye maamuzi, kwa mfano sheria ya Marekani ya viwandani mfanyakazi akithibitika kufika 60 anaondolewa kwenye kazi hiyo na harudi mpaka ashuke chini ya 40. Umemtoa mtu kazini, umempima tena baadaye, imesema High tena, je kashuka au hajashuka? Huwezi kujua. Risasi iliyo kwenye damu inachukua kama mwezi kupungua nusu lakini ya kwenye mifupa inakaa miaka na inaendelea kurudi kidogokidogo kwenye damu, kwa hiyo mzee wa siku nyingi kwenye tanuri anashuka taratibu sana na unahitaji namba kamili umfuatilie.

Halafu kuna historia yake, msiidharau. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilionya vipimo vya LeadCare visitumike kwa damu ya mshipa kwa sababu vinaweza kutoa namba ya chini kuliko ukweli, mwaka 2021 vifaa vyake vikarudishwa kwa tatizo hilohilo la namba za chini, na 2024 kampuni inayoitengeneza, Magellan, ikakubali kukiri kosa la kuficha hitilafu na kulipa dola milioni 42. Namba ya juu ya uongo inakusumbua tu, ya chini ya uongo inamrudisha mtu kwenye moshi. Ndo maana nasema dalili kwanza: mtu analalamika tumbo linakaza, choo kigumu, mkono unalegea, mashine inasema yuko poa, mimi namwamini mtu.

Ninavyoitumia: wasafishaji, madereva, watu wa ofisini na familia za mafundi napima kidole, akifika 5 natafuta chanzo, hiyo ndo namba ya WHO. Mafundi wa tanuri moja kwa moja damu ya mshipa, chupa zisizo na risasi, maabara inayopima metali. Na faili la fidia la WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, Tanzania) usipeleke namba ya kidole, utaumbuka.

Boksi lina vipimo 48 na kitufe chake cha kusetia mashine iendane na vipimo vya boksi hilo, usichanganye cha boksi hili na lile. Kama una wafanyakazi kumi tu usinunue, vitaexpaya kabatini.

Nyota 3 kati ya 5. Ingesoma mpaka 100 ningeongeza ya nne.