Pikipiki ya bei ya chini sisi 125: spea zipo, ila usiziulizie kwa jina la kwenye tangi

Hii pikipiki ninayo mwaka wa tatu sasa, ni zile sisi 125 za bei ya chini kabisa, na kiukweli injini sina ugomvi nayo. Ni ule muundo wa Honda CG125 ya mwaka 1976, ile ya pushirodi (vijiti vya kusukuma valvu), ambao viwanda kibao vya China vimeunakili. Asubuhi kiki moja inawaka, mzigo inabeba, mafuta inakunywa kidogo.

Shida iko kwenye vitu vinavyoizunguka injini. Raba za habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ziliisha mapema nikawa nasikia cheni inagonga kila nikiachia klachi, spoku zikalegea, swichi ya indiketa ikagoma, ekzosi ikaota kutu mvua za kwanza tu. Cheni iliyokuja nayo ndo usiseme, niliikaza mpaka nafasi ya kukazia ikaisha, nikaitoa na sproketi zake zote mbili. Na hapo jamani msibane hela, ukifunga cheni mpya kwenye sproketi zilizochongoka umeiua hiyo cheni.

Sasa spea. Mwaka wa kwanza gasketi ya silinda hedi iliungua, kila duka nikitaja jina lililoandikwa kwenye tangi naambiwa hamna, pikipiki ikalala wiki mbili nzima mi natembea kwa miguu. Mwisho fundi mmoja mtu mzima akachukua tambara, akafuta tope ubavuni mwa injini kule chini, akaniambia, "Mwanangu, hilo jina la kwenye tangi ni stika tu. Soma hapa." Imepigwa 156FMI. Nikarudi duka lilelile la kwanza, nikataja hiyo namba, gasketi ikashushwa pale pale. Wiki mbili zote ilikuwa humo dukani!

Ile 1 ya mbele ni silinda moja, 56 ni upana wa pistoni kwa milimita, F inapozwa na upepo, M pikipiki, I ndo hiyo sisi 125. Ukikuta 162FMJ hiyo ni sisi 150, pistoni milimita 62, ringi zake kwako haziingii. Ila namba haikwambii kama injini ni ya pushirodi au ya taiming cheni (cheni ya ndani ya injini inayoendesha valvu), na gasketi za hedi za hizo mbili hazifanani, kwa hiyo spea ya zamani nenda nayo mkononi, iweke juu ya mpya tundu kwa tundu kabla hujalipa.

Vya kuisha kila siku havisumbui, plagi D8EA, cheni 428, breki shuu, kebo za klachi, vyote napata bila kuzunguka. Oili naibadilisha kila kilomita 1,500 na sichelewi kabisa, maana injini hii haina filta ya karatasi, ina kichujio cha wavu, na inabeba kama lita moja basi.

Ningenunua tena nyingine kama hii, ndio. Kitu pekee ambacho sijapata mpaka leo ni kava la plastiki la pembeni, upande wa kushoto, maana hilo kila kiwanda kinatengeneza la kwake na wauza spea hawaliweki. Langu limeshikwa na waya tangu mwaka jana.