Kuumikwa kwa bi mkubwa wa Wete

Miaka minne ya ndoa sijapata mtoto, wifi yangu akanipeleka kupiga hijama, yaani kuumikwa damu kwa vikombe na chale, kwa bi mkubwa mmoja hapa Wete, Pemba. Tulikwenda tarehe 17 ya mwezi wa Kiislamu, kama ilivyo sunna. Usafi ndio ulionituliza: wembe aliufungua mbele yangu, glovu mpya, vikombe vyangu peke yangu. Saba, mgongoni na kiunoni. Ngozi ilivutwa hadi ikawa rangi ya zambarau mbivu. Chale zenyewe kama kuchomwa na miba ya mndimu. Usiku ule nililala usingizi mzito, kiuno chepesi. Mimba bado. Mwenyewe aliniambia wazi, "Mwanangu, hijama haizibui mirija ya uzazi. Dawa za daktari usiziache." Nimempenda kwa kauli hiyo. Mwezi ujao narudi, inshaallah.