Heda ya mahindi ya mtumba, mistari 6: uzoefu wangu

Heda, yaani kifaa cha mbele ya kombaini kinachovuna mahindi, ninayotumia ni ya mistari 6, nafasi ya inchi 30, na kazi yake ni kuvuna mbegu ya H614 huku Trans Nzoia, Kenya: mahindi marefu, bua nene, hindi limekaa juu. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na cheni na sili (vizuizi vya mafuta yasivuje) nilizobadilisha kabla haijagusa shamba, jambo la kutarajia kwa mtumba wowote. Rangi mpya isikuzuge. Rola zilizokwisha hazifufuliwi na rangi.

Kabla hujakagua chuma, pima nafasi ya mistari. Inchi 30 ni sentimita 76.2, na planta (mashine za kupandia) nyingi za hapa hupanda kwa 75. Tofauti hiyo hujikusanya ukitoka katikati kwenda pembeni, ila kwa mistari 6 mstari wa mwisho unakosea sentimita 3 tu, na pua za heda zinaliongoza bua bila shida. Heda ya sentimita 70 ni habari nyingine: pembeni unakosea sentimita 12 na nusu, bua linalazwa, hindi linadondoka kabla ya kufika kwenye rola.

Wauzaji hawakuambii pia kwamba heda ya 6 haifai shamba lililopandwa kwa planta ya 4. Trekta ikigeuka na kurudi, nafasi kati ya mkondo na mkondo haiwi sawa hata dereva awe stadi vipi, na heda ya 6 italazimika kuivuka nafasi hiyo. Planta ya 4, heda ya 4. Planta ya 6, heda ya 6 au ya 3. (Kwa John Deere namba ya modeli inakupa idadi: 693 ni mistari 6, 893 na 608C ni 8.)

Sasa inama uangalie rola, injini ikiwa imezimwa. Hizo ndizo zinazovuta bua chini hadi hindi ligonge mabamba yaliyo juu yake na kukatika. Kingo za visu zikiwa zimeviringika, rola haishiki. Bua linakatikia juu, takataka zinaingia kwenye kombaini na chekeche zinajaa. Mabamba naanza na upenyo wa milimita 32 mbele na 35 nyuma. Nyuma lazima pawe papana zaidi, la sivyo bua linakwama. Kwa H614 naongeza milimita 2 hivi kwa sababu ya unene wa bua, basi. Ukifungua mno, kitako cha hindi kinafika kwenye rola na kupukuchuka, punje zinabaki chini.

Hasara hiyo isikadiriwe kwa macho. Punje 20 kwa mita moja ya mraba ni takriban kilo 25 kwa ekari. Kwa mahindi mazima, pima mita 9 kwa upana wote wa heda, mita 4.5: hiyo ni sehemu moja ya mia ya ekari. Hindi moja lenye gramu 250 za punje likibaki hapo, ni kilo 25 nyingine kwa ekari. Manne yanazidi gunia la kilo 90. Toa kwanza yale yaliyoanguka kabla heda haijapita, usije ukailaumu bure.

Cheni za kuvuta (zinazoingiza mabua na mahindi ndani): springi ikifika mwisho wa nafasi yake, cheni imekwisha. Badilisha zote mbili za mstari mmoja, pamoja na sproketi (magurudumu ya meno yanayoizungusha), kwa kuwa meno yaliyopinda kama ndoano hula cheni mpya upesi.

Gia boksi za mistari ndipo watu wengi wanapoharibu. Heda nyingi za aina hii hutaka girisi laini inayotiririka, daraja la NLGI 0 (kipimo cha ugumu wa girisi). Ukitia oili ya gia, inavujia kwenye sili zilizochoka. Ukitia girisi ngumu ya kawaida, gia zinachimba mfereji ndani yake, girisi hairudi, na beringi zinazunguka kavu. Fungua plagi uchovye kijiti. Kikitoka na vumbi la chuma linalometameta, patana bei upya au uondoke.

Klachi za mistari zikikaa mvuani hushikwa na kutu, na kisiki kikiingia hakuna kinachoteleza, shafti ndiyo inakatika. Bati lililo chini ya parafujo (skrubu kubwa inayosukuma mahindi kwenda katikati) ligonge kwa nyundo, maana mabaki mabichi huliozesha. Na kabla ya kulipa, linganisha na kombaini yako: meno ya shafti, upande inapotokea, na kasi yake.

Shambani naiendesha kombaini kilomita 5 hivi kwa saa. Cheni ikiwa taratibu kuliko kombaini, mabua yanasukumwa mbele. Heda ikiziba, zima injini, toa ufunguo, funga kizuizi cha silinda heda isishuke, ndipo ushike bua. Rola huvuta haraka kuliko mkono unavyoweza kuachia.

Msimu ukiisha naondoa mabaki yote kwa upepo wa kompresa, si maji ya presha yanayoingia kwenye beringi. Cheni napaka oili, heda inakaa juu ya mbao chini ya paa, na kila mwezi naizungusha kwa mkono klachi zisigande.